Kabla ya Meza ni Usafiri

Bosi wangu alikuwa bingwa wa kupima msongo wa ndege, na maishani mwangu sijaona mtu aliyewatia ndege msongo kama yeye. Nilifanya naye kazi msimu mmoja wa mvua na kipande cha kiangazi, Gitega kwanza, kisha kwetu Muyinga. Kila nikikumbuka miezi ile najikuta nimekunja uso kama mtu aliyeuma pilipili akidhani ni nyanya.

Tulimwita Dokta. Shahada yake ilikuwa ya ndege, lakini alikuwa na koti jeupe ambalo hakulivua hata ndani ya gari. Kwa hiyo wakulima walimletea vikohozi vyao. Badala ya kuwaambia kwamba hajui hata kidonge cha minyoo, aliwashika bega na kuwaagiza wanywe maji mengi. Walimshukuru sana. Wengine walirudi kumwambia kwamba maji yamesaidia.

Mimi nilikuwa msaidizi wake, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mtoto wa fundi cherehani wa mtaa wa Waislamu pale Muyinga. Nilikulia Tanzania; wazazi walikimbilia huko nikiwa mgongoni, tukarudi nimeshamaliza sekondari, na hadi leo sokoni wananicheka kwamba naongea kama redio. Nilisoma biolojia chuoni miaka miwili, nikaishia njiani, nikakaa muda mrefu nikishona vifungo vya watu kwenye kibaraza cha mama. Kazi ya ndege ilipokuja niliipokea kwa mikono miwili. Walinipa kizibao cha kijani chenye mifuko sita, na nitakuwa mnafiki nikisema sikukipenda.

Kazi yenyewe si ngumu kuielewa. Alfajiri unasimamisha wavu mwembamba kama nywele kati ya miti miwili, unakaa kando unautazama. Ndege hauoni, anaingia, ananing'inia. Unamtoa, unamtia kwenye mfuko wa kitambaa, unampeleka mezani, unamchoma mshipa wa bawa kwa sindano ndogo, tone la damu linapanda kwenye mrija wa kioo, ndege anaachiwa aende zake. Damu inapelekwa maabara, na huko wanasoma kiasi cha homoni ambayo mwili huitoa ukiingiwa na hofu. Ndege anayeishi kwa raha, homoni yake iko chini. Anayeishi roho juu, homoni nayo iko juu.

Lakini kuna sharti moja, na bila hilo yote ni upuuzi mtupu. Ukimkamata ndege, anakuogopa wewe. Homoni inaanza kupanda palepale, na baada ya dakika tatu hivi inaonekana kwenye damu. Kwa hiyo tangu ndege anapogusa wavu hadi sindano inapoingia una dakika tatu tu. Ukichelewa, hupimi tena maisha yake ya bondeni, unapima jinsi ulivyomtisha. Hayo yaliandikwa kwenye karatasi ya maelekezo, kwa Kifaransa, na Dokta mwenyewe ndiye aliyeyapigia mstari kwa wino mwekundu.

Mifuko ya ndege aliishona mama. Proje, yaani mradi wetu, ilitaka kuiagiza kutoka nje, na mama aliposikia alicheka hadi akatema pini. Mfuko wenye kamba mdomoni, usafirishwe kutoka Ulaya, uje kumbeba ndege wa bonde la Gasorwe! Akaishona kwa masalia ya vitambaa kutoka duka la Muhindi karibu na soko: kaki ya wanafunzi, bitana ya suti, kipande cha pazia lenye maua. Alitoa sharti moja, kwamba kila ndege atakayeingia kwenye mfuko wake nimpigie picha amwone. Basi kila ndege alipokuwa bado ananing'inia wavuni nilimpiga picha moja kwa simu, ndipo nikamtoa. Haikuchukua sekunde mbili. Jioni mama alivaa miwani akawapitia mmoja mmoja, huyu kanenepa, huyu ana sura ya shangazi yako.

Dokta naye alikuwa na picha zake. Kila ndege aliyefika mezani, kabla ya sindano, alimshika mbele ya lile koti jeupe, akavuta tumbo ndani, akaniambia, "Piga." Nikapiga. Ndani ya simu yangu nina picha zake nyingi kuliko za baba yangu mzazi.

Gitega mambo yalikwenda vizuri, wala si kwa ufundi wetu. Nyavu zilikuwa kwenye bustani ya chuo, nyuma ya jiko, ndani ya uzio, na meza iliwekwa hatua kumi kutoka hapo kwa sababu ndipo palipokuwa na kivuli. Hakukuwa na mtu wa kusalimiana naye isipokuwa mlinzi, na mlinzi alikuwa amelala. Ndege aligusa wavu, akachomwa, akaondoka. Hata mjinga asingechelewa.

Kisha tukaja Muyinga kupitia Karuzi, na madumu ya mazutu nyuma ya gari, maana vituo vyote vya mafuta vilikuwa vimekauka. Bonde letu lilikuwa upande wa Gasorwe. Katikati yake kuna mafunjo marefu ambamo wanana hufuma viota vyao, na kandokando ya mafunjo kuna vishamba vya maharage, viazi vitamu na mpunga, kila kimoja upana wa mikeka michache. Ardhi ya bonde ni ya serikali. Anayelima pale hana karatasi, analima kwa kuvumiliwa. Na proje yetu ililetwa na hilo: wakubwa walitaka kujua kama wakulima wanawasumbua ndege wa mafunjo. Ikionekana wanawasumbua, wataondolewa ukingoni. Ikionekana hapana, wataachwa.

Nyavu tulizisimamisha kwenye ukingo wa mafunjo. Meza tungeweza kuiweka palepale, nilikuwa nimeshaona mahali pakavu. Dokta alitazama tope, akatazama viatu vyake, akaamuru meza ipelekwe juu ya kilima, kando ya gari, chini ya turubai. Kutoka wavuni hadi pale, mtu anayekwenda mbio bila kugeuka hufika kwa dakika mbili na nusu. Najua kwa sababu nilijaribu mara tatu, peke yangu, siku ya maandalizi.

Lakini nani hupita bondeni bila kugeuka? Kwetu mtu hampiti mtu. Unasimama, unatoa mkono wa kulia, wa kushoto unashika kiwiko chako, unauliza amahoro, unajibiwa ni amahoro, unauliza wameamkaje, watoto, wagonjwa, mbuzi, mvua. Ukimaliza, uliyemuuliza anaanza kukuuliza wewe yaleyale, na hakuachi mkono. Ni desturi nzuri, siicheki. Ila haikutungwa kwa ajili ya mtu aliyebeba mnana kwenye mfuko wa bitana.

Dokta aliipenda kuliko wenyewe. Kwenye semina fulani alikuwa amefundishwa kwamba proje bila wananchi haifiki popote, na hilo lilimkaa kichwani kuliko biolojia yote aliyosoma. Alinisubiri pale ambapo tope linaishia na njia kavu inaanza. Mimi nilitoka wavuni mbio, mfuko kifuani, moyo wa ndege ukipiga kwenye vidole vyangu kama cherehani iliyokanyagwa na mwendawazimu. Nikimfikia, tulipanda pamoja, yeye mbele mimi nyuma. Njia ni nyembamba, na mdogo hampiti mkubwa wake njiani.

Shamba la kwanza kwenye njia hiyo lilikuwa la mjane mmoja, mama wa makamo aliyejifunza Kiswahili kwa kuuza sokoni Gasorwe. Mumewe alipofariki, shemeji zake walichukua ardhi ya kilimani, wakamwachia kile kipande cha bonde kwa sababu hakikuwa na karatasi ya kukinyang'anya. Maharage yake yalikuwa ndiyo mazuri kuliko yote pale. Siku ya kwanza alisimama kwenye tuta, akapangusa mikono kwenye kitenge, akaishika mikono ya Dokta.

"Amahoro, Dokta! Mliamka muzuri? Watoto iko salama? Na kule kwenu Gitega mvua ilinyesha?"

Dokta alimjibu yote. Akamuuliza yote. Kisha mjane akanigeukia mimi.

"Na we, binti yangu? Mama yako anaendelea? Ile mashini yake iko natembea?"

"Inatembea, mama, tushukuru."

"Na uyo mugonjwa iko mu mfuko, anaumwa nini?"

Kwake yeye ilikuwa wazi. Dokta, koti jeupe, sindano, damu: lazima ndege anaumwa. Nilimwambia haumwi, tunampima tu. Akatikisa kichwa kwa huruma, kama watu wanavyofanya ukiwaficha ugonjwa wa ndugu. "Lakini atapona?" akauliza. Nikamwambia atapona. Na kuanzia siku hiyo, kila tulipopita, mwisho wa salamu ulikuwa huo: atapona?

Baada ya shamba lake kuna shamba la pili, na la tatu, na wanaume wawili waliokuwa wakifungua mfereji, na bibi aliyekuwa na kikohozi. Tulipofika mezani siku ile ya kwanza, mnana alikuwa ameacha kupigana ndani ya mfuko. Dokta aliketi. Akavuta kutoka kifuani saa ya kuhesabia sekunde, krono tuliyoiita, iliyoning'inia kwenye utepe mwekundu na ambayo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Akaibonyeza kwa dole gumba. "Tuanze," akasema.

Nilidhani anatania. "Dokta," nikamwambia, "dakika zimeshapita zamani. Ndege huyu yuko mikononi tangu kule chini."

"Nani alihesabu? Krono iko na mi."

"Lakini karatasi inasema tangu wavuni."

"Dada, bon, we usiwe na haraka kama watu wa Tanzania." Alitabasamu kwa upole wa kunikera. "Kabla ya meza ni usafiri. Kazi inaanza pa meza."

Mgeni angefikiri ni wazimu. Mwenyeji anajua ilikotoka. Mkutano wowote kwetu ukiandikwa wa saa tatu, watu huketi saa tatu wakisubiri, mgeni rasmi huingia saa tano, na anapokaa ndipo mkutano umeanza. Kwenye kumbukumbu katibu huandika: umeanza saa tatu. Hakuna anayehisi amedanganya. Muda wa kabla ya mkubwa kuketi si muda, ni viti tu. Dokta alikuwa amekaa kwenye mikutano ya namna hiyo nusu ya maisha yake, akaichukua akili hiyo akaipeleka hadi kwenye damu ya mnana, akitegemea homoni nazo zisimame kwa heshima mpaka aketi.

"Andika," akaniambia. "Dakika mbili."

Nikaandika.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo, maana ni rahisi kumcheka Dokta na kupita haraka. Nilijua. Nilikuwa na miaka miwili ya chuo na macho mawili kichwani. Niliandika dakika mbili siku ile, na kesho yake, na msimu wote, kwa mwandiko mzuri unaosomeka. Nilijiambia kwamba ninamdharau, na kwamba hiyo inatosha. Usiku? Hapana, sikukosa usingizi hata usiku mmoja. Mchana nilimcheka na mama kibarazani, nikiigiza jinsi anavyovuta tumbo, na mama akacheka, nikajiona mtu mwerevu anayefanya kazi kwa mjinga. Dharau yangu ilikuwa nzuri kwa sababu haikunigharimu kitu. Asubuhi nilivaa kizibao changu cha mifuko sita nikaenda kuandika dakika mbili.

Siku nyingine salamu zilikuwa fupi, siku nyingine ndefu. Siku aliyopita chifu wa kilima tulisimama hadi mfuko ukalowa jasho la mkono wangu. Kadiri Dokta alivyozoeana na watu ndivyo tulivyochelewa zaidi, na kadiri tulivyochelewa ndivyo damu ilivyozidi kuharibika. Wema wake wote uliishia kwenye mrija wa kioo.

Wakati wa kuvuna ulipokaribia, mjane aliniomba nimpige picha shambani. Alitaka kumtumia binti yake aliyeolewa mbali, aone maharage yalivyojaa. Alijifunga kitenge upya, akainama katikati ya matuta kama anayapalilia, ingawa hakukuwa na jani moja la magugu. Nilimtumia binti. Na kwa kuwa simu yangu ilikuwa ndiyo simu ya proje, na picha zote za bondeni zilikuwa zikienda pia kwenye kompyuta ya Dokta, ile nayo ikaenda.

Majibu ya kwanza ya maabara yalipotoka, Dokta alinipigia simu kutoka Gitega kwa furaha kama mtu aliyepata mtoto wa kiume.

"Unaona? Gitega, chini. Gasorwe, juu, juu kabisa! Ndege za kule ziko na stresi, dada. Ni wale wakulima. Nilikuwa nasema."

Nilikuwa nimesimama kibarazani kwa mama, uzi mdomoni. Nilisema, "Ndiyo, Dokta." Baada ya siku chache vijana wa ofisi walikuja bondeni kupigilia vigingi vyenye rangi nyekundu kuonyesha mpaka mpya, ili kila kitu kiwe tayari ripoti ikipitishwa. Kimoja walikipigilia katikati ya maharage ya mjane. Aliniuliza kile ni cha nini. Nilimwambia sijui, na huo ulikuwa uongo wa kwanza niliomwambia uso kwa uso.

Ripoti ilisomwa Gitega, kwenye ukumbi wenye vitambaa vya meza vyeupe na chupa za maji zilizopangwa kama askari. Mkutano ulikuwa wa saa tatu. Ulianza saa tano kasoro. Mimi nilikaa nyuma kabisa, kazi yangu ikiwa kubonyeza kompyuta picha zipite ukutani. Dokta alizungumza vizuri, lazima niseme. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini lake lilivuma kwa Kifaransa safi. Alionyesha nguzo mbili, fupi ya Gitega na ndefu ya Gasorwe, na wakubwa wakatikisa vichwa.

Mama mmoja wa maabara, mfupi, miwani yake imefungwa kamba, alinyoosha mkono. Yeye ndiye aliyeipima ile damu. Alisema hajawahi kuona ndege wa porini wakiwa juu kiasi hicho wote kwa pamoja, hata mmoja asiwe chini. Akauliza ilichukua muda gani kutoka wavuni hadi sindano.

"Dakika mbili," akasema Dokta. "Iko yote mu daftari."

Mama yule alinitazama. Nikatazama kompyuta. Nilikuwa na nafasi pale, wazi kabisa, na niliiacha ipite. Nikabonyeza.

Ukutani ikatokea picha ya mjane. Ameinama kwenye maharage yake, kitenge amekifunga upya, kubwa kuliko mlango. Chini yake Dokta alikuwa ameandika: Chanzo cha msongo.

Sikumbuki kuamua. Nakumbuka kiti kikianguka nyuma yangu, na aibu ikinipanda shingoni kama maji ya moto. Nilisema, kwa Kiswahili, maana Kifaransa chote kilinikimbia, kwamba si dakika mbili. Nilipeleka simu yangu kwa mama wa maabara nikamwonyesha. Huyu ndege yuko wavuni, saa hii hapa. Huyu ni yuleyule, mezani, na Dokta anatabasamu, saa hii hapa. Kati yao dakika kumi na moja. Huyu, dakika kumi na nne. Huyu wa siku ya chifu, ishirini na mbili. Mama yule alivua miwani, akaivaa tena, akaendelea kutelezesha kidole. Dokta alikuwa anatabasamu kwenye kila picha ya pili. Bila yale majivuno yake nisingekuwa na ushahidi wowote.

Nilitegemea adhalilike. Hata jina la kile nilichokitaka nalijua: nilitaka atoe jasho ndani ya lile koti. Hakutoa. Alisubiri nimalize, akaniuliza kwa sauti ileile ya upole.

"Bon, dada. Mwandiko uko mu daftari ni wa nani?"

"Wangu."

"Dakika mbili, ni nani aliandika?"

"Mimi. Wewe ulisema."

"Mi nilikushika mkono?"

"Hapana."

"Ulijua si kweli?"

Ukumbi wote ulinigeukia. Nikasema nilijua. Tangu nimfahamu, lile lilikuwa swali lake la kwanza lililopima kitu sawasawa.

Mwenyekiti alitangaza chakula. Baada ya chakula walitangaza kwamba sehemu ya Gasorwe imeondolewa kwenye ripoti kwa kosa la mwandikaji wa bondeni, na vigingi ving'olewe mpaka kazi irudiwe vizuri. Wakapiga makofi, sijui ya nini. Dokta alishukuru, akazungumzia uaminifu katika sayansi. Kabla sijatoka kijana wa ofisi alikuja kuniomba kizibao. Nilikivua palepale mlangoni, nikatoa kalamu zangu mifukoni, nikampa.

Nyumbani mama hakunilaumu. Alisema tu, "Njia ya mwongo ni fupi," akanisogezea vifungo. Sikujua anamsema nani, na sikumuuliza.

Wiki kadhaa baadaye nilipanda pikipiki hadi Gasorwe. Nilikuwa na maneno yangu tayari, niliyapanga njia nzima. Nitamwambia mjane kwamba shamba limepona. Nitamwambia pia kwamba ni mimi niliyekuwa naandika, kabla ya kuwa mimi niliyesimama. Kwa mpangilio huo, la pili lingefunikwa kidogo na la kwanza, ndivyo nilivyokuwa nimekadiria.

Nilimkuta kwenye tuta. Vigingi vilikuwa vimeng'olewa. Kimoja alikuwa amekirudisha ardhini mwenyewe, na mharage ulikuwa unakipanda, umeshaifikia rangi nyekundu. Akapangusa mikono. Tukasalimiana salamu zote, hakuna aliyekuwa na haraka. Mama, mashini, mvua, kikohozi cha bibi jirani. Mkono wangu ulikuwa ndani ya mikono yake miwili.

"Na zile ndege," akauliza, "zilipona?"

"Zilipona, mama."

"Tushukuru Mungu. Dokta wako alipita hapa, we hukujua? Alisimama pale pale uko wewe. Akaniambia, mama, hii shamba yako ilitaka kwenda, lakini mi nimekupigania. Kumbe kulikuwa muntu mu ofisi yao alikuwa anaandika uongo mu kitabu. Uongo wa msimu muzima! Ule uongo njo ulitaka kunitoa hapa. Dokta akauona, akautoa."

Niliyatafuta maneno yangu ya njiani, sikuyaona. Hasira ilinijaa. Nilitaka kumwambia kwamba yule mzee hakupigania hata jani moja la mharage. Lakini kila nilipolishika lile neno nililiona limeshikamana na lingine, kwa sababu katika yote aliyomwambia, sehemu inayonihusu mimi ilikuwa kweli tupu.

"Alikutajia ni nani?" nikauliza.

"Nilimuuliza. Akakataa. Ule muzee iko na heshima, hasemi watu." Aliinama bila kuniachia mkono, akavuta kwa mkono mwingine kikapu cha maharage kilichofunikwa jani la mgomba. "Hii umupelekee. Umwambie urakoze cane, asante sana." Kisha akanitazama usoni, karibu sana. "Na ule wa uongo, we unamujua?"

"Namjua."

"Basi umwambie mi sina chuki na yeye. Labda aliogopa kazi yake. Umwambie tu siku moja aje anisalimie."

Mikono yake ilikuwa bado imeushika wangu. Nikamwambia nitamfikishia.